Maua ya Mama Mashada

...si hiyo, hiyo nzito mno, akajiambia, na mkono ulikuwa umeshazama ndani ya boksi chini ya meza, vidole vimeshaigusa ile karatasi nyeupe ya chini kabisa, ile nzuri, vikaiacha vyenyewe bila kuambiwa, vikapanda juu na kutoka na nyeupe nyingine, nyembamba, ya siku zote, maana mzee wa duka la vifaa vya ujenzi alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini hata watu wema huzikwa na karatasi nyembamba, mwanawe mkubwa alikuja asubuhi akasema tu, mama, tunaomba maua meupe, yawe mengi, alisema mengi hakusema mazito, na mengi ndiyo atakayoyapata, atakuja kulichukua shada jua likianza kupoa, basi akaikunja karatasi mara mbili, akaikunja tena, akaupanua mkasi, na nyuma ya pazia, chumbani, mumewe akaanza kukohoa, kile kikohozi chake kipya kikavu kisicholeta kitu, kama mtu anayesukuma mlango uliokomewa kwa ndani, naye akangoja, mkasi umeachama hewani, akangoja mpaka kikachoka chenyewe, ndipo akakata. Petali ya kwanza ikaanguka mezani, bapa, haina maana, kama ulimi wa mtoto, akaiokota, akaweka vidole gumba katikati yake na kuivuta, taratibu, usivute kwa pupa, karatasi ya maua ina mikunjo midogo midogo na ukiibembeleza inakunjuka, ikatii, ikatuna, ikafanya kitumbo, ikawa kikombe, ikawa petali, na ile furaha ikamjia, palepale, ndogo, isiyo na haya, ileile aliyokuwa nayo siku shangazi yake alipomwonyesha kwa mara ya kwanza kwamba karatasi inaweza kuota tumbo, haijapungua, imekataa kupungua, mume yuko kitandani anakwisha kama mche wa sabuni na mke yuko hapa anafurahia petali, mwanamke gani huyu, akajiuliza, na akakata ya pili.

“Wifi,” wifi yake akaita toka jikoni, dada wa mumewe, amekuja tangu walipotoka hospitali na amekaa, hakuulizwa anaondoka lini wala hakusema, “supu hii niitie chumvi au nisiitie?” na kabla hajajibiwa akawa ameshaendelea, kuhusu chumvi na figo, kuhusu jirani yake mmoja aliyekatazwa chumvi miaka na miaka akaja kufa vilevile, kafa na ulimi mkavu maskini, hajui hata ladha ya... na yeye akasema tia, wifi, tia chumvi, bila kugeuka, kwa sababu daktari alishamaliza habari ya chumvi, mpeni kila anachopenda kula, ndivyo alivyosema, kwa sauti nzuri, sauti ya mtu anayekushikia mlango utoke, na yeye na wifi wakatazama chini, sakafu ilikuwa ya vigae vya kijivu na kimoja kimepasuka, wote wawili wakakitazama kile kilichopasuka, hakuna mtu mzima asiyejua maana ya maneno hayo, mgonjwa wa kupona hupewa masharti, anayeruhusiwa kila kitu huyo ameshaachiwa, na mumewe, katika kile kiti cha magurudumu, shati limemzidi mabega kama ameliazima kwa kaka yake, akacheka peke yake, akasema basi, daktari, niandikie kuku. Daktari naye akacheka. Wakacheka wote, ndiyo, walicheka, na tangu siku hiyo ndani ya nyumba hii watu wanaongea kwa sauti ya pamba, ndiyo baba, sawa baba, unataka tukugeuze baba, hata wifi, ambaye tangu utotoni alikuwa akigombana na kaka yake mpaka juu ya upande gani wa kufungulia dirisha, sasa hata dirisha anamwachia... petali ya tatu, ya nne, hizi ndogo za katikati, zile kubwa zitafuata, ua hujengwa kutoka moyoni kwenda nje, si kama nyumba, mumewe ndiye aliyekuwa akisema hivyo, yeye fundi plasta, nyumba unaanza ukuta halafu unatafuta wa kumweka ndani, ua unaanza na wa ndani halafu unamjengea ukuta.

Mikono ile. Alikuja kupiga plasta ukuta wa shangazi, kijana mrefu ana chokaa mpaka kwenye kope, na ndani palikuwa na harusi inaandaliwa, yeye amekaa chini katikati ya maua ya karatasi, mekundu, ya waridi, ya njano, amezungukwa kama kuku aliyelalia mayai, na kijana akasimama mlangoni na mwiko wake unadondosha udongo sakafuni, akasema, dada, haya umeyapanda wapi? na yeye akajibu, kwenye kichwa changu, akajiona ana akili sana, na kijana akasema basi kichwa hicho kina udongo mzuri, na shangazi akamfokea fundi kwa ajili ya ule udongo mwingine aliokuwa akiudondosha. Walioana na hawakuwa na meza. Meza hii aliitengeneza mumewe kwa mbao za jukwaa la kazini, bado ina mabaka ya saruji huku chini, ukipitisha goti unayahisi, na jioni alipotoka kazini alioga, akakaa upande ule, koleo mkononi, akakunja waya, mzunguko mmoja, mzunguko wa pili juu yake, akafunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, akalipima duara lake kwa kuliviringisha mezani, likiyumba analikunja upya, watoto wanakata majani, redio inaimba, hakuna aliyesema neno na hakuna aliyekuwa na haja ya kusema... ile ilikuwa raha, akajiambia, jina lake ni raha, usije ukasahau ukadhani ilikuwa kazi tu. Waliziremba kumbi. Waliremba magari ya maharusi, mpaka geti la shule waliliremba mwaka ule alipotarajiwa mgeni, na mgeni hakutokea, maua yakakaa mvua ikayachuja, geti zima likalia rangi nyekundu mpaka chini, mumewe akasema usilie wewe pia, acha geti lilie peke yake.

Halafu yakaja maua ya plastiki. Yalikuja na rangi zao za pipi na vumbi lao, unayaosha unayarudisha, na watu wa harusi wakahama mmoja mmoja, kimyakimya, kama wageni wanaotoka kwenye sherehe kwa mlango wa nyuma, na nani angewalaumu, mwenye harusi ana miezi ya kujiandaa, anatembea maduka yote, anachagua. Lakini kifo hakipigi hodi. Aliyefiwa hana muda wa kuchagua, anataka leo, anataka sasa hivi, anataka mtu ambaye akigongewa atafungua, na wa kwanza kugonga alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, amefiwa na kitoto chake, hata jina kilikuwa hakijazoea, akasimama hapo mlangoni, akaonyesha kwa mikono, shada dogo kiasi hiki, na mumewe akakunja duara ambalo angeweza kulivaa kama bangili, akalikunja ameupa mlango mgongo, na yeye akatengeneza maua madogo kama vifungo, akilia, machozi yanadondokea karatasi na kuiharibu, anaitupa anachukua nyingine, na katikati ya kulia kwake alijiona, hili hajawahi kumwambia mtu, alijiona ameinamisha kichwa pembeni akilitazama na kusema moyoni, limependeza. Limependeza! Yaani ndiyo hapo ilipoanzia, si ndiyo, hapo ndipo mkono ulipojifunza kufurahi msibani. Na baada ya hilo likaja jingine na jingine, na mtaa ukampa jina, Mama Mashada, kwanza kwa heshima, halafu kwa utani, halafu kwa kitu kingine ambacho watu hukitia ndani ya jina kama jiwe ndani ya wali, unalijua ukishauma. “Wateja wetu ndio bora kuliko wote,” mumewe alikuwa akisema mbele za watu, “hajarudi hata mmoja kulalamika,” na watu wakacheka, naye akacheka, na ni yeye peke yake aliyejua kwamba mume alikuwa akilitupia lile jina maji baridi ili lisimuunguze.

Maana liliunguza. Alikwenda kumtazama mke wa seremala, amejifungua, amebeba kanga mpya na sabuni, na bibi yake mtoto akakichukua kile kichanga mikononi mwa mama yake, kinataka kulala, akasema, na kichanga kilikuwa macho kodo kinamwangalia. Alikwenda kumjulia hali mwalimu mkuu mstaafu, mgonjwa wa miguu tu, miguu, na yule mzee akavuta shuka mpaka kidevuni akasema, mama, bado, rudi baadaye, ukawa mzaha, kila mtu akaangua kicheko, yeye mwenyewe akacheka mpaka nje ya geti, na nje ya geti akavitazama vidole vyake. Vya zambarau. Rangi ya karatasi haitoki, imeingia kwenye kucha na kwenye mistari ya ngozi, na juu ya rangi kuna ngozi nyingine ngumu inayong'aa, ya nta, kwa sababu maua yasipochovywa kwenye nta ya moto mvua ya kwanza inayaua, na nta haijali ni kidole au ni ua. Unampa mtu mkono na mtu anaangalia mkono kabla hajaangalia uso. Na binti yake, binti yake wa kumzaa, aliyekata majani kwenye meza hii tangu hajui kufunga viatu, siku alipoleta habari ya harusi alizunguka, akazunguka, akaosha vyombo visivyo vyake, mwishoni akasema mama, usichukie, mama, maua tumeshayaagiza dukani, watu wa upande wa pili wanasema tu, unajua watu, mkono uleule... akaacha hapo, hakumalizia, mtoto mwenye adabu. Yeye akasema ya dukani yanaoshwa, ni mazuri. Na siku ya harusi akakaa mbele kabisa, amevaa glovu nyeupe, mumewe alimnunulia, alisema utaonekana kama malkia, na hakusema kwa nini, na ndani ya zile glovu vidole vilitoka jasho mpaka zikaota doa la zambarau katikati ya kiganja, hilo hapo, huwezi kuificha kazi yako, inatoka kwenye vinyweleo.

“...au nimwekee na kipande cha paja?” wifi alikuwa akisema, yuko mlangoni sasa na mwiko, “shingo hatafuni, nimeona jana aliizungusha tu mdomoni,” na yeye akasema mwekee paja, na wifi akabaki palepale, akatazama maua mezani, akatazama pazia, akashusha sauti, “lakini wifi, kazi hizi si ungezisimamisha kidogo? Siku hizi mbili tatu tu. Mtu anaingia anatoka anaulizia mashada, na mgonjwa yuko hapo anasikia...” na yeye akasema msiba wa watu hausimami, wifi, likasikika kama jibu la mtu mwenye moyo mgumu, wifi akageuka akarudi jikoni na mwiko wake, na ukweli wenyewe ni kwamba angesimamisha, angesimamisha hata leo, lakini mikono ikikaa bure inatetemeka, na ikitetemeka yeye mumewe anaiona, na karatasi peke yake ndiyo inayoituliza, basi akashika waya mwembamba, akaiviringishia petali ya kwanza kwenye ncha, akakaza kwa uzi, ya pili, akakaza, moyo wa ua, umefunga kama ngumi ya mtoto mchanga, mzuri, sasa petali kubwa, akainama kwenye boksi kuongeza karatasi, na mkono ukaenda moja kwa moja mpaka chini, ukaigusa ile nzito, na ukaruka. Kama umegusa sufuria la moto. Akabaki ameinama hivyo, shavu karibu na meza, ananusa mbao na gundi. Kwa nini? Karatasi ni karatasi. Wiki hii yote mkono unaruka, kwa shada la mama wa kanisani uliruka, kwa la yule dereva marehemu uliruka, na ndugu zake walitaka zuri kuliko yote, walisema hivyo, zuri kuliko yote, akawapa nyembamba na kuwaangalia machoni. Iliyo nzuri kuliko zote ipo hapa chini, inangoja, inamngoja...

Na alijua, bila shaka alijua, nani mwingine angejua, aliinunua mwenyewe siku ileile ya kigae kilichopasuka, wametoka hospitali, wifi na dereva wa teksi wanamkunja mumewe waingize miguu, naye akasema ngojeni, nachukua kitu mara moja, akavuka barabara akaingia duka la vifaa vya shule, akaomba karatasi nyeupe ya maua, si hiyo, nzito kuliko hiyo, nzito kuliko zote ulizonazo, na msichana wa dukani akaitoa juu ya rafu akaipangusa vumbi, akatabasamu, harusi, mama? na yeye akasema ndiyo. Ndiyo! Mumewe alikuwa bado hajaingiza mguu wa pili ndani ya gari. Alikuwa bado anacheka habari ya kuku. Na yeye alirudi na karatasi chini ya kwapa, amefungiwa vizuri, akaketi karibu naye, na mume akaegemeza kichwa juu ya bega lake njia nzima, upande uleule, kichwa huku karatasi huku. Na kama hiyo haikutosha ikaja juzi, wakati wa kumwogesha, amemkalisha kwenye kigoda, maji ya vuguvugu, anampitishia kitambaa mgongoni, uti wa mgongo umetokeza kama ngazi, na akakuta mkono wake wa kushoto umejipanua kwenye bega, kidole gumba na kile cha mwisho, shubiri moja, ukasogea, shubiri ya pili, kutoka bega mpaka bega, ukisoma upana, maana shada kubwa hulala kifuani juu ya jeneza na shada likizidi mabega ni aibu ya fundi, mkono ulikuwa unapima, Mungu wangu, unapima mtu mwenye povu la sabuni na anapumua, naye akaushika mkono wake kwa mkono mwingine kama unavyomshika mwizi, na mumewe akageuza shingo, akamtazama kwa lile jicho lililobaki kubwa kuliko uso. Akarudisha shingo. Yeye akamwaga maji. Tangu juzi hajalala vizuri, anaogopa kumgusa, anampa dawa kwa kijiko kirefu, anasema wifi mgeuze wewe una nguvu, kwa sababu inawezekana, si inawezekana, kwamba watu wa mtaa walikuwa wanaona kitu, kwamba ni kweli mkono huu ukishazoea unaanza kuita, kwamba yule bibi alijua alichofanya alipokinyakua kile kichanga...

“Mama watoto.” Sauti kutoka nyuma ya pazia, nyembamba lakini imenyooka, na yeye akainuka ghafla akagonga kichwa ukingoni mwa meza, “abee, baba,” kwa ile sauti ya pamba, “nakuja, unataka maji?” na mume akasema sitaki maji, kaa hapohapo, kaa tu, hilo unalokata la mzee wa vifaa? “Ndiyo, baba.” Akavuta pumzi, mtu anayesikiliza angeweza kwenda sokoni na kurudi kati ya pumzi zake mbili. “Unamkatia karatasi nyembamba.” Na yeye akautazama mkasi kama mkasi ndio uliosema. “Nimelala hapa sina kazi,” mume akasema, “nasikia mkasi. Nyembamba inalia sss, kama mtu anayenyamazisha watoto. Mzee wa watu ametuuzia waya maisha yetu yote, hajatupa wenye kutu hata siku moja, na wewe unamfungia karatasi ya chooni.” Na jikoni sauti ya mwiko katika sufuria ikakoma. “Nzito imeisha, baba,” akasema, na uwongo ukatoka laini, umepakwa mafuta, kama uwongo wote wa nyumba hii kwa siku hizi, umeamkaje, vizuri, umelala, sana, unaona nafuu, naiona, na mume akasema, “Haijaisha. Ipo chini ya zote. Nilikuona ukiiweka siku tuliyorudi, ulidhani nimesinzia. Nikasema, alaa. Ile ni yangu.”

Alaa. Amesema alaa, kama mtu aliyekuta barua yake imefika, wala si kwa uchungu, au ni kwa uchungu na yeye ndiye hausikii, amekuwa akijua, siku zote hizi, amelala pale nyuma ya kitambaa cha maua akisikiliza mkasi na kujua, kwenye teksi alijua, kwenye kigoda alijua, alipogeuza shingo halikuwa swali, lilikuwa ni fundi anamtazama fundi mwenzake akichukua vipimo, na yeye amekuwa akitoroka nyumba nzima na mikono yake kama mtu aliyeficha maiti, akimwachia mume wake alale peke yake na jambo ambalo wote wawili wanalijua, peke yake kabisa, huku wao huku nje wanamwimbia ndiyo baba, sawa baba... hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya, ikampiga, si karatasi, si shubiri, mkono ulikuwa mkweli wa nyumba hii na mdomo ndio uliokuwa ukimzika mtu mzima mzima, tangu lini amemjibu sawa, sawa, katika maisha yao, tangu lini, hata siku ya posa alimbishia, na sasa wiki nzima hajambishia neno, mtu anajiona anakufa kutokana na kukubaliwa. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, mwiko unadondosha supu juu ya kanga yake, anatikisa kichwa, hapana, hapana, usimwambie.

“Ni yako,” akasema.

Kitanda kililia, huenda aligeuka, huenda alicheka, na wifi akajifunika uso kwa upindo wa kanga akarudi jikoni bila sauti, na gari likapita nje, na mtoto wa mtu akaita mtoto mwingine, na hakuna kilichoanguka, dari liko palepale, petali iko palepale kati ya vidole vyake, hajaivuta bado. “Haya,” mume akasema. “Sasa sikiliza, kwa kuwa tumefika hapo. Zambarau sitaki.” “Sikupangia zambarau.” “Na shada lenyewe lisizidi mabega.” “Najua.” “Najua unajua, ulinipima,” na hapo ndipo alipocheka kweli, kicheko kikaangukia kwenye kikohozi, na yeye akawa ameshainuka nusu, akangoja, mlango ule uliokomewa kwa ndani ukasukumwa na kusukumwa, ukaachwa, na sauti ikarudi, imechoka, lakini ina kitu cha zamani ndani yake, kitu chenye chokaa. “Na majani,” akasema. “Siku zote nakwambia. Majani unazidisha. Ua zuri unalijazia majani mpaka linakuwa kama uzio wa mbuzi. Langu punguza majani.” Na yeye akafungua mdomo, na ile ndiyo baba ilikuwa tayari pale, juu ya ulimi, imepikwa, imepoa, imebaki kutolewa tu, na akahisi kwamba akiisema hiyo basi mume wake amekwenda, leo, saa hii, kabla ya mwili wake, na aliona pia, kwa macho ya fundi, shada jeupe lisilo na majani, karatasi nzito juu ya mbao, limekaa uchi, linaonyesha waya, waya! mbele ya mtaa mzima, mbele ya yule bibi, na hasira ikampanda, hasira safi, ya zamani, ya mwanamke mwenye afya ndani ya nyumba yake, akaivuta petali katikati kwa vidole gumba ikatuna, akaishika juu aione vizuri kwenye mwanga.

“Majani hayapungui,” akasema, kwa sauti yake mwenyewe, ile ya kusikika mpaka kwa jirani. “Majani ndiyo yanayoficha waya. Wewe ujuzi wako plasta, plasta ulipiga na mimi sikukuingilia, na kama ni kulala uchi mbele za watu ukalale kwenye shada la mwingine, si langu mimi!” na nyuma ya pazia pumzi moja, ya pili, halafu mume akasema, mkali, ameudhika, kama mtu mwenye miaka mingi mbele yake ya kuudhika, “Hebu ngoja kwanza, mama. Ngoja nikuambie kitu kuhusu majani.”